Parke ya kartiye: vile munaweza kuita batu mu salongo na miti isikufe

Yambo bajirani. Hapa Goma ukisema "parke" mutu anafikiria mara moya Virunga na magorila. Mimi sisemi ile. Nasema kale kafasi ka katikati ya avenyu, kwenye batoto banachezaka mupira, kuko miti mbili tatu na banc moya ya kuvunjika, na kila mutu anasema ni ya serikali njo maana hakuna mwenye anafagiaka. Sisi tuko nayo moya, nitabaeleza vile tunafanyaka salongo, ni kusema kazi ya pamoja ya bajirani, na pia fasi yenye tulikosa.

Mwaka wa kwanza tulianza na fete. Tulikodi bafle na mikro, vijana bakakuya mingi, tukapanda miti 30 siku moya, foto zikatembea mu simu zote, halafu jua ya mwezi wa sita ikaanza na kufika mwezi wa munane tukabakia na miti ine. Ju hakuna mwenye alikuwa ameuliza nani ataleta mayi. So muanze na mayi, fete itakuya nyuma.

Hesabu iko hivi: muti mudogo wakati wa jua muupe kama lita 10 mara mbili kwa juma. Miti 30 ni lita 300, ni bidoni 15 ya lita 20, na bidoni 15 mu Goma kila mutu anajua ni nini, ju tunanunuaka ao tunapanga mustari. Kama hamuna batu ya kubeba zile bidoni mara mbili kwa juma, pandeni miti 10, hakuna haya. Sisi sasa tunapatia kila nyumba ya karibu muti moya ao mbili, jina ya nyumba tunaandika mu kaye, na mayi yenye mama ameoshea muchele ao mboga inaenda ku muti. Weka tena nyasi kavu pa chini ya muti, mayi haikauki mbio.

Mbele ya kugusa ata jiwe moya, muende kuona shefu wa avenyu, kisha wa kartiye. Muende batatu, kukuwe mama moya na muzee moya, ju vijana peke yao banaonekanaka kama beko natafuta kiwanja. Sisi tulisema: "Papa shefu, tunakuya kuomba ruhusa ya kusafisha pale na kupanda miti." Akatuangalia, akauliza: "Na mbuzi mutazifunga wapi?" Hatukuwa na jibu. Kumbe alikuwa na haki, mbuzi inamaliza muti mupya kwa dakika mbili, sasa kila muti tunauzungushia mianzi mbele ata ya kutia mayi. Muombe karatasi yenye kashe, ju kiwanja ya wazi mu huu muji haikosaki mwenye kuiuza mara mbili.

Message ya kuita batu ikuwe fupi. Yetu: "Siku ya posho (samedi) saa moya asubui ku parke, kila mutu na bidoni yake, mwenye eko na jembe alete, mwenye hana alete mikono, saa ine tunamaliza." Ile ya saa ine ni muhimu sana, batu banaogopaka kazi yenye haina mwisho, na mukisema saa ine mumalize saa ine kweli, ata kama takataka imebakia. Viatu ikuwe ya kufunga ju majiwe ya volkano inakata kama wembe.

Sasa kazi yenyewe ya kupanda, hapa njo batu ya inje ya Goma habatuelewi. Lava ya volkano Nyiragongo ya tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 ilipita mu katikati ya muji, na hapa kwetu udongo ni kidole moya, chini ni jiwe tupu. Kwa hiyo muchimbe shimo wakati wa jua, mwezi wa saba na wa munane, na baramina na nyundo, shimo ipite goti, upana kama mukono moya. Mukiangukia ku ufa ni bahati, mizizi itapita mule, lakini udongo pia unatorokea mule, njo maana tunatia kwanza vipande ya mugomba chini kabisa, inakamata udongo na inachunga mayi. Udongo na mbolea ya ngombe tunaletaka na chukudu, ile kinga ya mbao ya kubebea mizigo. Ule wa chukudu musimupiganishe bei sana, kupandisha mizigo ile mu majiwe si muchezo. Mvua ikianza mwezi wa kenda, mupande. Gravilea inashika muzuri. Avoka iko muzuri pia, lakini musiipande karibu na mabanc, ju batoto batairushia majiwe na mutu atapasuka kichwa.

Kama fasi yenu iko mu shimo, sana sana upande wa ziwa kuelekea Sake, muulize kwanza bazee kama kuko mazuku. Ni gaz carbonique, inatoka mu udongo, inakuwa nzito kupita hewa, inajikusanya mu fasi ya chini, usiku na asubui mapema yenye hakuna upepo, na haionekani. Mukiona panya ao ndege imekufa mule bila sababu, musiingie na musitume mutoto kuokota mupira. Fasi ya vile salongo haifanyiki kabisa.

Fete sasa. Tunafanyaka moya tu, kisha kupanda: batoto bacheze mupira, bazee baeleze vile avenyu ilikuwa mbele ya lava, mama moya apike buyi na mwingine mikate. Kipolo ya mayi yenye robine na sabuni ikuwe pa mulango, ju kolera hapa haitutokaka. Bafle ikuwe moya na izimwe mbele ya mangaribi, jirani mwenye eko na mugonjwa ku nyumba asikuye kutukana.

Mwenye anachunga kaye asikuwe mwenye anachunga franga. Kwetu kaye iko kwa mama mwenye anauzishaka makala pa kona, ju eko pale kila siku na anaona nani amepita na bidoni. Mukikosa mayi juma mbili, anaita jina yenu kwa sauti, na avenyu yote inasikia.