Kutoa pampu ya oili kwenye mashine ya boti na kurudi kwenye petroli ya kuchanganya

Mashine nyingi za tu-stroku (zinazochoma oili pamoja na petroli) zinazosukuma mashua na boti za faiba pwani yetu, kama Yamaha Enduro, ni za kuchanganya oili na petroli kwenye tangi. Ila zile zinazoingia kwa mtumba mara nyingi huwa na tangi la oili chini ya kava na pampu inayojipimia yenyewe. Pampu ikisumbua na spea ikakosekana, nahodha anaambiwa aitoe, achanganye. Inawezekana, na kazi yenyewe si ngumu. Kinachoua mashine ni kukosea mpangilio: pampu inatolewa huku mipira na kabureta bado zimejaa petroli tupu, mashine inawashwa, na kabla haijavuka mwamba imenoki, yaani imekwama kwa kukosa oili.

Jua kwanza mashine yako. Somo hili ni la mashine ya kabureta, hasa Yamaha za silinda tatu. Humo petroli hupita kwenye chumba cha krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) kabla ya kupanda silinda, kwa hiyo oili iliyochanganywa nayo hulainisha beringi na pistoni njiani. Evinrude E-TEC, Mercury OptiMax na Yamaha HPDI usiziguse. Hizo hupiga petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na oili ya krenki ina njia yake. Ukizichanganyia kwenye tangi, beringi haitaona hata tone.

Jambo la pili, hakikisha pampu ndiyo mbovu. Mara nyingi mwenye kosa ni maji ndani ya tangi la oili, kichujio kilichoziba, au hewa iliyonaswa kwenye mpira baada ya tangi kukauka. Safisha tangi, toa hewa kwenye ile skrubu ya pampu, kisha jaribu tena. Mimi pampu isiyo na ubovu siitoi, hata mwenye boti akikazana.

Ukisharidhika kwamba lazima itoke, fuata hivi.

Hatua ya kwanza: changanya petroli kwa 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita. Dumu la lita 20 linataka mililita 400. Tia oili pamoja na petroli kidogo, tikisa, ndipo ujaze iliyobaki. Oili iwe ya boti yenye alama ya TC-W3. Unganisha mashine na tangi lenye mchanganyiko huo na uiendeshe kama robo saa, pampu ikiwa bado haijatolewa. Itatoa moshi mwingi; iache itoe. Moshi huo ndio dalili kwamba mchanganyiko umefika ndani.

Hatua ya pili: zima, chomoa betri, fungua tangi la oili umwage iliyomo. Tangi lenyewe unaweza kuliacha mahali pake au kulitoa.

Hatua ya tatu: chomoa kile kijiti kinachounganisha mkono wa pampu na kabureta, kisha fungua bolti za pampu. Kama gia inayoizungusha ni kipande cha peke yake, itoe nayo. Usiiache ikicheza ndani.

Hatua ya nne, na hapa usiwe na haraka. Pampu ikitoka inaacha tundu kwenye bloku. Litengenezee kibati kinene cha alumini chenye gasketi, kikae sawasawa. Kisha ile mipira myembamba inayopeleka oili kwenye kila silinda: ukiitoa, kila mdomo wake uzibwe kwa kifuniko cha mpira unaostahimili petroli na klipu yake. Mdomo mmoja ukibaki wazi, silinda hiyo inanyonya hewa, petroli inapungua, na pistoni inaungua wakati wenzake wazima.

Hatua ya tano: chomoa soketi ya sensa ya oili. Baadhi ya mashine zitanyamaza, nyingine zitaendelea kupiga king'ora na kujipunguzia mwendo. Hizo zinahitaji mchoro wa waya wa modeli hiyohiyo. Usikate waya za king'ora chenyewe, kwa kuwa ndicho kinachokuambia pia mashine inachemka.

Washa, paka maji ya sabuni kwenye kibati na kwenye vile vifuniko uone kama kuna mapovu au kama maji yananyonywa ndani. Baada ya safari ya kwanza angalia plagi. Rangi ya kahawia ni njema. Nyeupe maana yake kuna hewa inaingia mahali.

Maswali na majibu

Fundi, si naweza kuiacha pampu palepale na kuchanganya tu kwenye tangi?

Kwa pampu inayozungushwa na gia, hapana ndugu yangu. Itazunguka kavu hadi ijikate, na vumbi lake litaingia pabaya. Johnson na Evinrude zenye VRO ni jambo jingine: pampu ile ndiyo inayovuta petroli pia, kwa hiyo hubaki, unaziba mdomo wa oili tu.

Shikamoo fundi. Huku kwetu oili ya boti haipatikani kila mara, ipo ya pikipiki ya 2T. Itafaa?

Marahaba. Ile imetengenezwa kwa injini inayopozwa na upepo, ya boti inapozwa na maji. Itakufikisha pwani siku ya dharura, lakini usiifanye ya kila siku. Heri ununue galoni moja ya TC-W3 mjini uiweke.

Kaka, nimebadilisha, sasa tukivua mishipi mashine ikiwa silensa (inanguruma tu bila kukazwa mwendo) inafuka moshi na plagi zinalowa.

Ni kawaida. Pampu ilikuwa inapunguza oili mashine ikienda taratibu. Mchanganyiko haujui mwendo, ni 50 kwa 1 wakati wote. Mkikaa sana silensa, ongezeni mwendo kidogo kila baada ya muda. Tembea na plagi za akiba.

Nimefunga pistoni mpya. Kipimo kilekile?

Hapana. Yamaha nyingi za kuchanganya hutaka 25 kwa 1 kwa saa 10 za mwanzo, yaani mililita 40 kwa lita, bila kuikimbiza. Kisha rudi 50.

Vijana wangu wanajaza petroli bila kuniuliza. Nifanyeje?

Tangi la lita 25 lina chupa yake: chupa ya maji ya nusu lita ikijaa oili, ndicho kipimo chake. Ifunge kwa kamba kwenye tangi hilohilo. Oili nyingi za boti zina rangi, basi kabla ya kung'oa nanga mimina petroli kidogo kwenye glasi. Ikiwa haina rangi kama ile ya oili, mashine isiwashwe.