Kumfuata sisimizi seremala mweusi hadi kiotani

Sisimizi seremala mweusi, Camponotus pennsylvanicus, ni mwenyeji wa mashariki mwa Marekani na Kanada. Wafanyakazi wa kiota kimoja hutofautiana sana, milimita 6 hadi 13. Mbao hali, huzitafuna apate vyumba, kisha vumbi hulitupa nje.

Kwanza hakikisha ni yeye. Wenye mabawa wakitoka majira ya kuchipua, aliyekulia Afrika Mashariki hudhani ni kumbikumbi. Sisimizi ana kiuno chembamba, vipapasio vyenye kiwiko, na mabawa ya mbele marefu kuliko ya nyuma. Kumbikumbi hana kiuno na mabawa yake manne yanalingana. Chunguza na vumbi: la sisimizi ni nyuzinyuzi za mbao zilizochanganyika na miguu na vichwa vya wadudu. Ukikuta punje ngumu zenye pande sita, hao ni mchwa wa mbao kavu.

Jua likishazama, weka matone ya asali kwenye vipande vya karatasi kando ya msingi wa nyumba. Funika tochi kwa plastiki nyekundu, maana rangi hiyo hawaioni vizuri. Usihangaike na anayekuja, huyo bado anazurura. Mfuate aliyeshiba: tumbo limetuna hadi mistari myeupe inaonekana kati ya pingili, naye anarudi moja kwa moja.

Hapa ndipo wengi hukosea. Kiota mama, chenye malkia na mayai, huhitaji unyevu, kwa hiyo kiko kwenye kisiki, mti uliooza moyo, au boriti iliyo chini ya gata linalovuja. Matawi yake, yaani viota vidogo vilivyotokana nacho, huwa mahali pakavu, hata ndani ya mlango wenye uwazi, yakiwa na wafanyakazi, mabuu wakubwa na mabundo (mabuu yaliyo katika hatua ya kugeuka sisimizi). Ukiua tawi la ukutani, malkia yuko salama uani. Kupulizia dawa njiani ni hasara tupu. Unaua watafutaji chakula tu.

Gonga mbao kwa mpini wa bisibisi. Iliyochimbwa hulia wazi, na ukitega sikio utasikia mchakacho kama wa karatasi kavu: wanagonga mbao kutahadharishana. Toa boriti hiyo, ziba panapovuja, kata matawi ya miti yanayogusa paa.

Kisiki cha msituni kiache. Kigong'ota mkubwa mwenye ushungi mwekundu, Dryocopus pileatus, huwategemea hao kwa chakula, hasa wakati wa baridi.