Jinsi ya kuchagua hedifoni za kukata kelele: anza na kelele, malizia na sikio

Anayetaka kununua hedifoni za kukata kelele huniuliza kwanza kampuni. Hilo huwa naliweka mwisho. Hedifoni za bei kubwa zikikaa vibaya sikioni hushindwa na za bei ya kati zilizokaa sawasawa, na si suala la bahati, ni fizikia. Hatua nyingine hapa nimezipitia mbiombio, ila ya 4 ni ndefu, kwa sababu ndiyo inayowafanya watu wengi warudishe vifaa vizima wakidhani ni vibovu.

Hatua ya 1: Jua kinachokatwa ni nini

Sauti ni hewa inayobanwa na kuachiwa, kubanwa na kuachiwa. Ndani ya hedifoni hizi mna maikrofoni ndogo inayosikiliza kelele, chipu inayotengeneza wimbi lililo kinyume cha kelele hiyo, na spika inayolipiga wimbi hilo sikioni pamoja na muziki wako. Kelele ikibana hewa, spika inaachia. Kelele ikiachia, spika inabana. Mawimbi hayo mawili yakikutana yanafutana.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mjerumani Paul Lueg aliliombea hataza mwaka 1933, na ile ya Marekani akaipata 1936, lakini vifaa vya elektroniki vya wakati huo havikuweza kulibeba. Amar Bose, mwanzilishi wa kampuni ya Bose, alianza kulipigia hesabu mwaka 1978 akiwa safarini kwa ndege kutoka Zurich, baada ya kuona ngurumo ya injini inaumeza muziki wa hedifoni alizopewa humo ndani. Hedifoni za marubani za kampuni yake ziliingia sokoni 1989.

Si ajabu kwamba mambo yalianzia angani. Ngurumo ya ndege ni sauti nzito na ya mfululizo, na sauti nzito ndizo hizi mashine zinazoziweza. Piga hesabu uone. Wimbi la 100 Hz, yaani mizunguko 100 kwa sekunde, lina urefu wa mita 3.4 hivi na mzunguko wake mmoja huchukua milisekunde 10. Chipu ikichelewa kwa milisekunde 0.05, wimbi kinyume bado linalalia vizuri juu ya kelele, na kinachobaki ni kama asilimia 3 ya wimbi la mwanzo. Sasa chukua mlio mkali wa 5000 Hz. Mzunguko wake ni milisekunde 0.2 tu, kwa hiyo ucheleweshaji uleule ni robo nzima ya wimbi, na ukiyajumlisha hayo mawili unapata kelele kubwa kuliko uliyoanza nayo! Ndiyo maana elektroniki huachiwa sauti za chini, hadi kama 1000 Hz hivi, na zilizo juu ya hapo hushughulikiwa na sponji na plastiki: zinazuiwa tu, kama mlango unavyozuia.

Maikrofoni inaweza kuwa nje ya kikombe kinachofunika sikio, ambapo inaidaka kelele kabla haijaingia, au ndani karibu na sikio, ambapo inasikia kilichobaki na kukisahihisha. Nunua yenye zote mbili. Sina mjadala kwenye hilo.

Hatua ya 2: Andika kelele zako

Chukua karatasi, andika kelele zinazokusumbua kwa siku ya kawaida, na ugawe mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni mvumo: injini ya basi, ndege, feni, kiyoyozi, jenereta, barabara kuu iliyo mbali. Hapa utafurahi.

Fungu la pili ni sauti za watu, mtoto anayelia, vyombo vinavyogongana, mbwa, honi. Hapa elektroniki itapunguza kidogo tu, na kazi iliyobaki ni ya sponji. Usishangae ukiwasha na kumsikia jirani yako akiongea na simu kwa uwazi kuliko mwanzo: mvumo uliokuwa unamfunika umeondoka, yeye kabaki. Kama fungu hili ndilo lililojaa karatasi yako, tafuta hedifoni zinazobana vizuri, na upige ndani yake sauti ya mvua au ya feni kwa chini, ifunike maneno. Muziki wenye mashairi usiujaribu kwa kazi hiyo, utaishia kusikiliza watu wawili.

Hatua ya 3: Chagua umbo

Kuna za kufunika sikio zima, za kukalia juu ya sikio, na za kuchomeka ndani.

Za kukalia juu ya sikio, achana nazo. Haziwezi kuziba, maana sikio lenyewe lina mikunjo.

Za kufunika sikio zima ndizo ninazopendekeza kwa anayekaa nazo saa nyingi mezani: nyingi hufikisha saa 20 hadi 30 au zaidi kwa chaji moja, na maikrofoni na spika zina nafasi ya kutosha. Ubaya wake ni joto, na miwani. Za kuchomeka ni nyepesi, hazigombani na miwani wala kitambaa cha kichwani, lakini huisha chaji mapema, mara nyingi saa 5 hadi 8, na si kila tundu la sikio linazikubali.

Hatua ya 4: Ziba sikio

Hatua hii ndiyo inayokula muda. Niliwahi kuletewa hedifoni na kijana akisema, "Kaka, hizi nimeuziwa feki, nikiwasha ni kama sijawasha." Tulizizima, tukaziwasha, tukazifuta kwenye simu na kuziunganisha upya, tukasasisha programu yake, tukabadilisha simu, na mvumo wa feni uko palepale. Mwishowe alivua miwani ili ajifute jasho, akazivaa tena bila miwani, na feni ikatoweka. Mikono ya miwani yake ilikuwa minene na ilikuwa imeuinua mto wa sponji nyuma ya shavu, ikaacha upenyo ambao kwa macho huuoni.

Upenyo mdogo kama huo una madhara makubwa kwa sauti nzito. Sauti nzito hupita kwenye nafasi yoyote, na papo hapo wimbi kinyume ambalo spika inalitengeneza linavuja kwenda nje kabla halijafanya kazi. Kwa hiyo unapoteza mara mbili, na unapoteza kwenye fungu lilelile la kelele ambalo ulilipia.

Kipimo changu ni hiki, na hakihitaji kifaa chochote. Vaa hedifoni, washa ukataji kelele, simama karibu na feni au injini inayonguruma, usipige muziki. Kisha bonyeza vikombe vyote viwili taratibu kwa viganja. Kama mvumo umepungua ulipobonyeza, kuna mahali panavuja. Kama haukubadilika, umeziba. Unaweza pia kupiga wimbo wenye besi na kufanya vivyo hivyo: besi ikinenepa ukibonyeza, kuna upenyo.

Ukigundua panavuja kwenye hedifoni za kufunika, fuata mpangilio huu. Nywele zitoe chini ya sponji, hasa nyuma ya sikio na mbele kwenye panja. Hereni za kuning'inia zivue. Miwani iinue kidogo ili mikono yake ipite juu, au tafuta yenye mikono myembamba, maana fremu nyembamba ya chuma huleta tofauti unayoisikia mara moja. Kitambaa cha kichwani kipitishe nyuma ya sikio kama unaweza. Kikibaki kati ya sponji na ngozi kitavujisha, hata kikiwa chepesi. Utepe wa juu urefushe au ufupishe mpaka kikombe kikae katikati ya sikio, kisining'inie juu wala kubana taya. Ukiwa na taya nyembamba au mashavu yaliyobonyea, upenyo huwa chini ya sikio, na hapo dawa ni sponji nene au hedifoni nyingine kabisa. Kulazimisha hakutasaidia.

Angalia pia umri wa sponji. Ngozi bandia hukauka, hupasuka na kumomonyoka, na hedifoni iliyokuwa nzuri inaanza kulalamikiwa kuwa "imechoka" kumbe ni mto tu. Kabla ya kununua, uliza kama sponji zake hutoka na kama mbadala wake unauzwa. Zisizobadilishika mimi sinunui, hata ziwe na sifa gani.

Kwa za kuchomeka, kila kitu kiko kwenye vile vimpira vya mbele. Kasha huja na saizi tatu au zaidi, na watu wengi hutumia ile iliyokuja imevishwa, basi. Jaribu zote. Jaribu sikio moja moja, maana kulia na kushoto mara nyingi havilingani, na hakuna sheria inayosema lazima uvae saizi moja pande zote. Namna ya kuvaa: kwa mkono wa upande wa pili vuta sikio juu na nyuma kidogo, tundu lifunguke, ingiza hedifoni, izungushe kidogo mpaka iketi, kisha achia sikio. Vya sponji vibinye kwanza kwa vidole mpaka viwe vyembamba, viingize haraka, uvishikilie sekunde kadhaa vijivimbishe. Mimi napendelea vya sponji kwa safari ndefu, ingawa vinachafuka na kuisha haraka kuliko vya silikoni.

Programu za simu za hedifoni nyingi zina kipimo cha mkao: zinapiga sauti fulani, maikrofoni ya ndani inasikiliza kilichobaki, kisha inakuambia kama umeziba. Kitumie, lakini usikiamini peke yake. Ukishaona alama ya kijani, tafuna kidogo, ongea, geuza shingo, halafu kipime tena. Taya linaposogea, tundu la sikio hubadilika umbo, na kimpira kilichofaulu ukiwa umekaa kimya huachia ukiwa unazungumza.

Na kama hedifoni ya kuchomeka imeanza kufoka, kupiga mluzi, au upande mmoja umepungua nguvu, kabla ya kulaumu betri toa kimpira uangalie wavu wake mdogo. Nta ya sikio ikiziba maikrofoni ya ndani, chipu inasahihisha kelele isiyoijua. Safisha kwa brashi laini kavu, wavu ukiwa umeelekea chini, ili uchafu udondoke nje badala ya kuingia ndani. Usitumie pini.

Hatua ya 5: Soma kasha bila kuvutiwa na namba

Herufi za kutafuta ni ANC, ndio ukataji kelele wenyewe. Ukiona ENC peke yake, hiyo husafisha sauti yako ili unayempigia akusikie vizuri, haikati kelele inayoingia sikioni mwako. Wauzaji huzichanganya, wengine bila kujua, wengine wakijua sana.

"Hadi desibeli 40" (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) maana yake ni kilele, katika masafa fulani, yaani kiwango fulani cha Hz, kwenye maabara. Masafa mengine hayajaandikwa. Badala ya namba, tafuta grafu ya upunguzaji kwenye majaribio ya watu huru, uone mstari unavyokwenda kati ya 50 na 1000 Hz. Kwa makadirio, kelele ikipungua desibeli 10, sikio huihisi kama imepungua kama nusu.

LDAC, aptX, AAC na wenzao ni njia za kupeleka muziki, hazihusiani na kelele. iPhone haitumii LDAC, kwa hiyo usiilipie kama simu yako ni hiyo. Kuunganisha na simu sielezi, mnajua.

Hatua ya 6: Jaribu kabla ya kulipa

Usikubali kujaribishiwa kwa video ya ndege inayopigwa kwenye simu. Spika ya simu haiwezi kutoa sauti nzito za kutosha, kwa hiyo unajaribu hedifoni kwa kelele ambazo zenyewe haziziwezi. Tafuta kitu kinachonguruma kweli. Vaa bila muziki, zima, sikiliza kidogo, washa, sikiliza.

Ukisikia mlio hafifu wa "shhh" chumba kikiwa kimya, ni maikrofoni na chipu zenyewe. Zote zina kidogo, zako zisikukere. Wengine huhisi masikio yamebanwa kama ndege ikishuka, ingawa hakuna shinikizo halisi. Kama unahisi hivyo na baada ya muda haijapungua, tafuta zenye viwango vya ukataji unavyoweza kushusha.

Simama pia mbele ya feni ikikupuliza usoni. Upepo ukivuruga maikrofoni ya nje, zingine hutoa ngurumo ya ajabu. Zingine zina kitufe cha upepo kinachozima maikrofoni hizo, na anayetembea sana au kuendesha baiskeli atakihitaji.

Mwisho, chomeka waya kama zina tundu la 3.5 mm, zima hedifoni, uone kama bado zinapiga. Zisizopiga zitakuacha mikono mitupu chaji ikiisha.

Hatua ya 7: Shusha sauti

Faida kubwa ya mvumo kuondoka ni kwamba huhitaji tena kupandisha muziki. Shirika la Afya Duniani linataja desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kama kikomo cha mtu mzima, na 75 kwa watoto. Weka kikomo kwenye mipangilio ya simu.

Barabarani tumia hali ya kupitisha sauti za nje, au toa upande mmoja. Na kwenye mashine ya kusagia au nyundo ya umeme vaa vizibo vya masikio vilivyopimwa kwa kazi hiyo, si hedifoni za muziki, kwa sababu mlio mkali wa chuma uko juu ya masafa ambayo chipu inayaweza, na pigo la ghafla humaliza kazi yake kabla chipu haijajibu.