Tikiti maji lisilo na mbegu: kuzalisha mbegu zake mwenyewe

Wateja wangu hapa Kasese huuliza: kama tikiti halina mbegu, unapanda nini? Unapanda chotara. Mama ni tikiti lenye kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) 44, baba ni tikiti la kawaida lenye 22. Mtoto anapata 33, namba isiyogawanyika sawasawa, hivyo hatoi mbegu. Usiwageuze wazazi.

Jioni tafuta ua jike la mama litakalofunguka kesho. Utalijua kwa kitikiti chenye manyoya chini yake. Lifunike kwa karatasi, na madume ya baba uyafunge pia, maana nyuki huku hawachelewi. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, chuma dume, vunja petali, paka chavua ya njano kwenye vile vidole vitatu vya jike, vyote, la sivyo tunda linapinda. Funika tena, funga uzi.

Tikiti hilo litakuwa na mbegu: ndizo chotara. Gamba lao ni nene, kwa hiyo ziatikie penye joto, ncha ikitazama juu, maji kidogo. Shambani changanya na tikiti la kawaida, kwani chavua ya chotara haifai kitu, na ua lisilopata chavua nzuri halishiki tunda. Vigamba vyeupe laini ndani ya tunda la chotara vinalika.