Jinsi ya kumfuata ndege aliyepotea njia

1. Ukisikia ndege wa mbali ameonekana mahali asipopatikana kwa kawaida, nawe unataka kwenda kumwona, pima habari hiyo kwanza. Unahitaji picha, saa aliyoonekana mara ya mwisho na nukta ya ramani. Jina la mji peke yake litakuzungusha siku nzima. Kagua miguu na mkia. Pete, au manyoya yaliyovunjika ncha, huenda zikaashiria ndege aliyetoroka tunduni. Huenda tu, maana watafiti nao huwavisha pete ndege wa porini.

2. Kadiria atakaa siku ngapi. Hapa ndipo safari nyingi huharibika. Ndege wadogo wahamaji wengi husafiri usiku: mbingu ikiwa safi na upepo ukimsukuma kwa nyuma, asubuhi hayupo. Mvua na upepo wa mbisho humzuia. Kwa hiyo soma utabiri wa hewa wa kule aliko. Bata, shakwe na tai waliopata chakula huwa wavumilivu zaidi: tai bahari wa Steller, ambaye kwao ni mashariki ya Urusi na Japani, alionekana Massachusetts, Marekani, Desemba 2021, kisha jimbo la Maine, na mwaka 2022 bado alikuwa akionekana huko. Wa namna hiyo anaweza kungoja Jumamosi. Kijindege cha vichakani hakingoji.

3. Piga hesabu kutoka alfajiri kurudi nyuma. Kilomita 500 kwa mwendo wa 80 kwa saa ni saa sita na robo. Ongeza saa moja na nusu ya mafuta na kupotea. Ukitaka kuwa umesimama pale saa kumi na mbili asubuhi, ondoka saa nne na robo usiku, na madereva wawe wawili.

4. Beba darubini ya macho mawili ya 8x42, yaani inayokuza mara 8, yenye lenzi za milimita 42. Kwenye maji mapana ongeza ya stendi, lakini jua likipanda usikuze zaidi ya mara 30: joto linalopanda kutoka ardhini hutikisa taswira, na rangi ya mdomo hutaiona sawasawa.

5. Ukifika, weka jua mgongoni utulie. Mgeni mara nyingi hujichanganya na kundi la wenyeji na kurudi mti uleule. Usimchezee sauti yake kwenye simu. Ndege aliyechoka anahitaji kula, si kupigana na mpinzani asiyekuwepo. Shamba la mtu, bisha hodi kwanza. Akitokea, piga picha za bawa na mkia hata zikiwa na ukungu.

6. Ukimkosa, andika pia pale ulipopata habari: “Hajaonekana, 12:00 hadi 4:00 asubuhi.” Kuna mtu yuko barabarani anangoja mstari huo.