Neno "draw" lisikuchanganye: anza na kuvuta kwanza

Juzi mpwa wangu wa form two kaja na daftari lake la Kiingereza, peni nyekundu imetapakaa ukurasa mzima. Sentensi ilikuwa "She drew the curtains and sat down", yeye kaandika "Alichora mapazia akakaa". Ticha kapiga kosa, sababu hajaandika, na mtoto ananiuliza kwa uchungu kabisa, "Anko, si mlituambia draw ni kuchora?"

Tulimwambia kweli. Na hapo ndo tunapowapoteza watoto, na watu wazima pia, maana tunawapa maana moja ya neno halafu tunawaacha wapambane nalo likija na sura nyingine. Sasa nataka nieleze vile nilivyomwelezea yeye pale mezani, ili na wewe unayehangaika na hili neno, iwe ni mtihani, kazi ya hoteli, hospitali au barua za ofisini, usiwe unakariri maana thelathini moja moja.

Kitu cha kwanza, futa kichwani kwamba draw ni kuchora. Draw ni kuvuta. Waingereza wa kale kabisa, kabla hata ya mwaka 1066, walikuwa na kitenzi "dragan", na maana yake ilikuwa kuvuta, kukokota. Humo humo kwenye ukoo yumo na "drag", ambalo mpaka leo ni kuburuta kitu chini. Kwa hiyo ukikutana na draw usikimbilie kamusi, jiulize kwanza: hapa nini kinavutwa, na kinatoka wapi kwenda wapi? Ukishapata jibu, ndo unatafuta kitenzi cha Kiswahili kinachokaa hapo, maana sisi kila kuvuta kuna neno lake.

Haya, turudi kwenye kuchora. Kinachovutwa ni nini? Ncha ya kalamu. Unaiweka kwenye karatasi, unaivuta, mstari unabaki nyuma yake, basi, hiyo ndo drawing. Sisi tumeingilia mlango mwingine, kuchora kwetu ni pamoja na kukata alama kwenye kitu, ndo maana fundi wa milango ya Unguja au Lamu naye anachora na hajashika kalamu, kashika patasi na nyundo. Mswahili kaangalia alama inayobaki, Mwingereza kaangalia mkono unavyokwenda. Nilipomwonyesha mpwa wangu kwa penseli, nikaivuta polepole kwenye kona ya daftari, akacheka akasema kumbe, na mapazia akayaelewa hapo hapo.

Maana pazia nalo linavutwa. "She drew the curtains" ni alivuta mapazia. Ila hapa kuna mtego ambao hata wenyewe unawasumbua: sentensi hiyo haisemi kayafungua au kayafunga, yote mawili ni kuvuta. Inabidi uangalie habari yenyewe, kama ni usiku na mtu anataka faragha basi kafunga, kama ni asubuhi na jua likaingia basi kafungua. Ukiwa unaandika wewe na hutaki utata, andika tu open au close. Na kama unafanya kazi hotelini na mgeni kakuambia "draw the curtains please", angalia yakoje saa hiyo, kama yako wazi anataka yafungwe.

Kundi kubwa linalofuata ni la vitu vinavyovutwa kutoka ndani ya kitu kingine, na hapa Kiswahili kinabadilisha neno kila hatua kwa hiyo kuwa makini. Kutoa maji kisimani, draw water, kwetu ni kuteka. Upanga ukitoka kwenye ala, draw a sword, ni kuchomoa. Upinde unavutwa, draw a bow, hapo tuko sawa nao. Pumzi vilevile, draw a breath ni kuvuta pumzi, neno kwa neno.

Damu sasa. Watu wengi wakisikia nesi wa kizungu anasema "I'm going to draw some blood" wanashtuka. Hebu angalia kinachofanyika: anakufunga mpira juu ya kiwiko, anagusagusa kutafuta mshipa, sindano inaingia, halafu anavuta kile kijiti cha nyuma cha bomba taratibu na unaiona damu inapanda. Kavuta. Sisi tunasema anatoa damu, wao wanasema anaivuta. Na dawa kwenye kichupa ni hivyo hivyo, "draw up 5 ml" maana yake vuta mililita 5 ziingie kwenye bomba la sindano, na hapo hata manesi wetu wanasema kuvuta dawa. Wale mnaosomea afya hii ishikeni, iko kwenye maelekezo kila siku.

Pesa nayo inavutwa. "Withdraw" ambayo unaiona kwenye ATM na kwenye menyu ya M-Pesa ni draw hiyo hiyo imewekewa "with" mbele, na hiyo "with" siyo ile ya "pamoja na", ni ya zamani, yenye maana ya kurudisha nyuma au kwenda kinyume, ndo hiyo iko kwenye withhold, kuzuia, na withstand, kuhimili. Kwa hiyo withdraw ni kuvuta kurudi kwako, unavuta hela yako ikurudie. Ndo maana pia jeshi linawithdraw likirudi nyuma, na mgombea anawithdraw akijitoa. Na ukivuta kupita kilichomo kwenye akaunti umeoverdraw, benki inaita "overdraft". Ukiona "he draws a salary of..." usihangaike, ni anapokea mshahara wa kiasi fulani.

Sasa mpira, hapa ndo watu wanaumia kweli, maana draw mbili tofauti zinacheza uwanja mmoja.

Ya kwanza ni sare. "The match ended in a draw", mechi imeisha sare. Kama kitenzi, "Simba drew 1-1 with Yanga", wametoka sare ya moja moja. Angalia ile "with", au unaweza kuweka "against", zote sawa.

Ya pili ni droo ya kupanga makundi, ile ya vyungu na vikaratasi, mtu anaingiza mkono anatoa kimoja anakisoma mbele ya kamera. Hiyo ni kuvuta kwelikweli, unavuta jina kutoka kwenye chombo, ni sawa na kupiga kura ya bahati, "draw lots". Kombe la Dunia la 2026 timu 48 ziligawanywa makundi 12 kwa njia hiyo. Na bahati nasibu ni hivyo hivyo, siku ya kuchezesha ndo the draw, na zamani ukivuta karatasi halina kitu ulikuwa umevuta tupu, ndo ukatoka msemo "draw a blank", kutafuta kitu ukakosa, au kuulizwa jambo na kichwani hamna kitu.

Utazitofautisha vipi? Sikiliza. "Tanzania were drawn with Nigeria, Tunisia and Uganda" ni kupangwa, na ndo lilivyokuwa kundi C la AFCON 2025, tumewekwa nao, mpira bado haujachezwa. Lakini "Tanzania drew with Uganda" ni sare, mpira umeshachezwa. Kitu kimoja tu kimebadilika, were drawn na drew, na habari imegeuka kabisa. Halafu kuna ya tatu inayochanganya zaidi, "Tanzania drew Nigeria" bila with, hiyo inarudi kwenye droo, maana yake tumempata Nigeria, tumevutiwa yeye. Nimeshaona vichwa vya habari vimetafsiriwa vibaya kwa sababu ya hako kaneno "with", watu wanasherehekea sare ya mechi ambayo haijachezwa. Kwa hiyo ukitafsiri habari za michezo, angalia kwanza kama ni were drawn au drew, na kama ni drew, tafuta with.

Hapo inabidi niseme na umbo lake maana nimeshalitumia. Leo draw, jana drew, nimesha- ni drawn. "I draw, I drew, I have drawn". Drawed haipo, hata kidogo. Na "I have drew" nayo haipo, japo nawasikia wengi. Draw tamka dro ya kuvuta kidogo, drew tamka dru.

Ukishajua draw ni kuvuta, maneno mengi ya nyumbani yanafunguka yenyewe. Droo ya meza, ile tunayoita pia mtoto wa meza, ni "drawer", kitu cha kuvutwa. Wao wanaitamka droo tu bila kumalizia, sisi tukaiandika tulivyoisikia. Ukiweka s ikawa "drawers" inaweza kuwa droo nyingi au ikawa chupi kwa Kiingereza cha zamani, nguo ya kuvuta juu. "Drawing room" haina uhusiano na kuchora, ni sebule, zamani iliitwa withdrawing room, chumba cha kujivuta pembeni baada ya chakula.

Na drafti! Hii naipenda. Mchezo wa vijiweni, vifuniko vya soda, hawa wamevigeuza juu na wale chini, ubao umechorwa kwa mkaa, wazee wanabishana mpaka jua linazama. Hiyo ni "draughts", na neno hilo linatokana na draw, maana zamani draught ilikuwa pia ni kuvuta kete hatua moja, mwendo mmoja wa mchezo. Kwa hiyo mzee pale kijiweni akisema "vuta kete" kasema Kiingereza cha kale bila kujua. Neno hilo hilo linakuja kama upepo unaopenya chini ya mlango, kama bia inayovutwa kutoka kwenye pipa, na kama kina cha meli, yaani sehemu ya meli inayozama chini ya maji, wanasema "the ship draws 5 metres". Uingereza vyote hivyo wanaandika draught ila wanatamka draft. Marekani wanaandika draft kila mahali, na ule mchezo wao wanauita checkers. Draft ya kuandika, ile rasimu, pande zote mbili ni draft.

Ofisini kuna matumizi ambayo Kiswahili kinakubaliana nayo vizuri ajabu. "Draw a crowd", kuvuta watu. "Draw attention", kuvuta macho. Kilimanjaro is a big draw for tourists, hapo draw ni kivutio, na kivutio kimetoka wapi? Kuvuta. Sijui kwanini hili hatulifundishi darasani, mtoto anakuja na kuvutia na kivutio toka nyumbani, tayari anayo nusu ya somo. Kwenye barua rasmi utaona "I would like to draw your attention to clause 4", naomba uangalie kifungu cha 4, ni lugha ya heshima lakini mara nyingi inakuja kabla ya lawama, kwa hiyo soma hicho kifungu vizuri. "Draw a conclusion" ni kufikia hitimisho, umelivuta kutoka kwenye ushahidi. "Draw the line" ni kuweka mpaka, hapa mwisho. "Draw up a contract" ni kuandaa mkataba, lakini gari iki-draw up imesimama nje ya mlango. "Draw on your experience" ni kutumia uzoefu wako, kama unavyoteka kisimani. Na kuna "the days are drawing in", siku zinakuwa fupi, ambayo huku kwetu karibu na ikweta huwezi kuisikia mtu anaisema kwa uchungu, lakini ndugu yako aliye London mwezi wa kumi atakuambia maana yake vizuri.

Lakini usije ukaweka draw kila panapovutwa kitu. Mlango ni pull, hakuna anayedraw mlango. Kamba pull. Gunia zito unaliburuta chini, drag. Gari limekufa barabarani linavutwa na jingine, tow. Draw inapenda mvuto wa taratibu, unaoteleza, pazia, pumzi, kalamu, upinde. Pull ni nguvu ya mkono ya kila siku. Ukiwa na shaka na ni kitu cha kushika kwa mkono, tumia pull, mara nyingi hutakosea.

Jaribu hizi tatu kwa njia ile ile, nini kinavutwa na kutoka wapi: "He drew his chair closer to the fire." "The nurse drew two samples." "As the boat drew near, we saw the children waving." Ya kwanza kiti, akakisogeza karibu na moto. Ya pili damu, sampuli mbili. Ya tatu ndo ilimchelewesha mpwa wangu, akatafuta kinachovutwa akakosa, kumbe ni boti yenyewe inajivuta kuja, na baada ya kufuta mara mbili akaandika: "Boti ilipokaribia, tukawaona watoto wanapunga mikono."