Kabla ya Kuingiza Boti Kwenye Mfereji Usio na Malango

Mfereji mfupi unaotoka mjini hadi mto mkubwa, usio na malango ya kupandisha na kushusha maji, huonekana umetulia kama bwawa. Usiuamini. Maji yake ni yale yale ya mto: mto ukijaa nao unajaa, ukipungua nao unapungua, na kama mto unafuata bahari, mfereji utajaa na kupwa pia.

Mafuta, jaketi za kuokolea, honi, taa: kagua, maliza. Uliza kama mwisho wa mfereji pana nafasi ya kugeuza boti yako. Isipokuwapo, utatoka kinyumenyume.

Kimo cha kupita chini kilichoandikwa darajani kimepimwa kwa kiwango fulani cha maji. Kikiwa mita 4.5 na maji yamepanda sentimita 80 juu ya kiwango hicho, umebakiwa na mita 3.7. Boti inayosimama mita 3.6 juu ya maji isipite. Wimbi dogo tu linaigongesha paa.

Mlangoni, mfereji unapokutana na mto, tia bildi, yaani kamba yenye uzito wa kupimia kina, au pima kwa upondo. Mkondo unapopungua nguvu hapo, tope hutua na kujenga fungu. Nenda polepole: penye kina kifupi mwendo huididimiza boti, na ukipunguza mwendo nusu, kule kudidimia hushuka hadi robo. Ukiona tope linafumka tezini, yaani nyuma ya boti, na usukani hauitiki vizuri, punguza tena.

Sasa kamba, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Boti inafika gatini jioni maji yakiwa juu. Kamba zinakazwa fupi ili isichezecheze, watu wanalala. Usiku maji yanashuka mita moja. Kamba zinalia kwenye nguzo, fundo linajibana likawa kama jiwe, boti inaning'inia ubavu wa gatini huku ubavu wa pili ukizama, na maji yanaanza kuingilia matundu ya pembeni. Fundo halifunguki tena. Kilichobaki ni kisu, na kamba iliyokazwa hivyo ikikatwa hurudi kama mjeledi. Kwa hiyo kamba za omo (mbele) na tezi ziwe ndefu, angalau mara tatu ya tofauti kati ya maji yakiwa juu na yakiwa chini, na uzipeleke mbali mbele na nyuma. Zungusha kwenye nguzo, mwisho urudi botini. Usipige fundo gatini. Awepo mtu wa kuamka kuziangalia.

Usifunge boti karibu na mlango. Meli kubwa yenye shehena ikipita nje hunyonya maji ya mfereji, kisha yanarudi kwa kishindo, wala hakuna lango la kuyazuia. Mkono au mguu usiingie kamwe kati ya boti na gati. Chujio la maji ya kupoza injini lisafishwe kila unaposimama, magugu hayachelewi kuliziba. Na uangalie mitumbwi isiyo na taa, nyavu zilizotegwa kingoni, watoto wanaoogelea chini ya daraja.